Kuokoa na Kuopoa: Vitenzi Viwili Katika Filamu ya Uokozi Chini ya Bahari

Vitenzi "kuokoa" na "kuopoa" hutofautiana kwa konsonanti moja tu, lakini maana zake zimetengana sana. Kuokoa ni kumtoa mtu hatarini angali hai. Kuopoa ni kutoa majini kilichozama, na katika habari za ajali kitenzi hicho hutumika hasa kwa maiti. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha filamu Last Breath (2025) ya Alex Parkinson.

Filamu hiyo inasimulia mkasa wa kweli. Mnamo Septemba 2012, mzamiaji Chris Lemons alikuwa kazini kwenye sakafu ya Bahari ya Kaskazini, kina cha mita 90 hivi. Mitambo ya kuishikilia meli mahali pake iliharibika, meli ikasukumwa na dhoruba, na mpira uliompelekea hewa na maji ya moto ukakatika. Hewa ya akiba ilikuwa ya dakika chache tu. Ilipita zaidi ya nusu saa ndipo mwenzake, David Yuasa, alipomfikia. Yuasa alishuka akitarajia kuopoa, kumbe alikuwa anaokoa: Duncan Allcock alimpulizia Lemons pumzi mbili, naye akazinduka.

Ziwa Victoria nalo lilishuhudia jambo kama hilo. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 wakafa. Siku mbili baadaye, wakati miili ikiendelea kuopolewa, wazamiaji walimkuta fundi mitambo mmoja angali hai ndani ya kivuko, mahali palipobaki hewa.

Je, hayo yanahusianaje na Masisi, nchi ya milima, na Walikale, nchi ya misitu? Wasafiri na mazao ya huko hufika Goma kwa kupitia Sake. Vita vilipoifunga njia hiyo mwaka 2024, wengi walilazimika kupanda boti huko Minova. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya MV Merdi, iliyojaa kupita kiasi, ilizama katika Ziwa Kivu karibu na gati ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukoni. Makumi ya abiria walifariki.

Katika Kiswahili cha Kivu, tukio kama hilo husimuliwa kwa kitenzi kingine: "balimutosha mu mayi." Hapa "kutosha" si kuwa kiasi cha haja, kama ilivyo katika Kiswahili sanifu, bali ni kufanya mtu au kitu kitoke. Sentensi hiyo haielezi kama aliyetolewa ni mzima au ni maiti, na jamaa anayengoja gatini hana budi kuuliza swali la pili.

Mfasiri wa filamu hii hana budi kulizingatia jambo hilo. Akiandika "kuopoa" mapema, amekwisha kumzika Lemons. Akiandika "kuokoa," amefichua mwisho. "Kutosha" ya Kivu, ambayo baadhi ya walimu huifuta kwa wino mwekundu, humwacha mtazamaji mahali alipokuwa Yuasa mwenyewe: anashuka, wala hajui atakayemkuta.