Baba akilipwa arudi kwao, mtoto aenda wapi?

Je, msomaji, serikali ya nchi uliyohamia kutafuta riziki ikikuahidi pesa taslimu mradi tu ufunge virago urudi kwenu, utakubali? Kabla hujajibu, watazame watoto wako.

Swali hili liliwakabili wafanyakazi wa kigeni katika Ujerumani Magharibi mwaka wa 1983. Wengi wao walikuwa Waturuki, walioanza kumiminika huko baada ya mkataba wa Oktoba 1961, wakati viwanda vilipokuwa na uhaba mkubwa wa vibarua. Wenyeji waliwaita "wafanyakazi wageni". Sisi husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikabidhiwa lao mara tu waliposhuka garimoshi.

Mwaka wa 1973 serikali ilisimamisha uajiri huo. Waliokuwako hawakuondoka. Waliwaita wake na watoto, na watoto wengine wakazaliwa huko huko. Helmut Kohl alipokuwa kansela Oktoba 1982, Wajerumani wengi hawakuwa na kazi. Nyaraka za Uingereza zilizofichuliwa mwaka wa 2013 zaonyesha kwamba mwezi huo huo alimwambia Margaret Thatcher kwa siri kuwa alitaka idadi ya Waturuki ipungue kwa nusu.

Novemba 1983 sheria ikapita. Aliyepoteza kazi kwa sababu kiwanda kimefungwa, au aliyepunguziwa saa za kazi kwa muda mrefu, angepewa maki 10,500, na maki 1,500 zaidi kwa kila mtoto. Pia angerudishiwa mara moja kile alichokatwa mshaharani kwa malipo ya uzeeni. Mchango wa mwajiri, hata hivyo, haukurudishwa. Kwa hivyo, usidhani yote yalikuwa ukarimu. Sehemu ya pesa hizo ilikuwa jasho la mtu mwenyewe. Sharti lilikuwa familia nzima iondoke, isirudi tena kukaa. Maombi yalifungwa Juni 30, 1984, na mwaka huo Waturuki zaidi ya 200,000 waliihama nchi hiyo.

Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Lakini hiari ya nani? Aliyetia sahihi ni baba. Mama pengine aliulizwa. Msichana wa miaka 12 aliyezaliwa Berlin, mwenye marafiki na madaftari yake huko, alielezwa tu siku ya safari.

Wewe mwanafunzi wa Nairobi, ambaye lugha ya kwenu waijua ya kumwamkia nyanya tu, hebu fikiria umepelekwa ushago na kuambiwa ufanye mtihani kwa lugha hiyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi wa watoto hawa. Kituruki chao kilikuwa cha jikoni, kukiandika kuliwashinda. Kila asubuhi shuleni wenzao walikariri kiapo cha taifa, wao wakitafuta maneno. Mitaani waliitwa "Almancı", jina la kejeli la mtu aliyetoka Ujerumani. Ajabu ni kwamba huko Ujerumani waliitwa Waturuki! Serikali ya Uturuki ilifungua shule zenye masomo ya Kijerumani katika baadhi ya miji, lakini hizo hazikumfaa mtoto ambaye baba yake alirudi kulima kijijini.

Baadaye Ujerumani yenyewe iliona tatizo. Sheria mpya iliyoanza kutumika mwaka wa 1991 ilimruhusu kijana aliyekuwa ameishi huko miaka minane, na kusoma huko miaka sita, arejee peke yake bila wazazi. Ilimbidi aombe akiwa na umri kati ya miaka 15 na 21, aonyeshe atakavyojikimu, na asiwe amepitisha miaka mitano tangu aondoke.

Yule msichana wa Berlin aliyeondoka mwaka wa 1984 alikuwa na miaka 19 sheria hiyo ilipoanza. Umri ulimruhusu. Miaka yake mitano, lakini, ilikuwa imekwisha mwaka wa 1989, na tumaini pekee lililobaki ni afisa akubali kwamba shida yake ni ya kipekee.