Moyo Hausubiri Uzee

Juzi huko Buzebazeba, mjini Kigoma, binti mmoja mchuuzi wa dagaa aliniambia akicheka: “Ugonjwa wa moyo ni wa wazee, baba.”

Sivyo. Upo unaowapata vijana, na wanawake zaidi. Huanza utotoni kwa maumivu ya koo yaletwayo na bakteria. Yasipotibiwa, huweza kuzaa homa ya baridi yabisi: viungo huvimba, na vilango vya moyo hubaki na makovu. Miaka hupita kimya. Akishika mimba, damu mwilini huongezeka karibu nusu, na moyo uliojeruhiwa huelemewa. Anahema akipanda kilima kidogo, halali bila mito miwili. Nyumbani wanasema ni uzito wa mimba tu.

Koo la mtoto hutibiwa kwa penisilini, dawa ya bei nafuu. Aliyekwisha kuugua homa hiyo huchomwa sindano yake kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Kilango kikiharibika, upasuaji uko mbali, Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015.

Binti unayehemahema, kapimwe moyo kabla ya kubeba mimba. Na ukiwa tayari mjamzito, nenda leo.