Shamba la kukodi Bunia: ulipie maabara, au upande maharagi kwenye kopo?

Umepata shamba la kukodi nje ya Bunia. Mwenyewe anataka pesa yake kabla ya mvua za Machi, na majirani wananong'ona kwamba aliyelima mwaka jana alipuliza dawa ya kuua majani. Usitoe hata dola moja kabla hujajua ni dawa gani. Omba kibidoni kitupu, usome maandishi madogo, si jina kubwa la mbele.

Kama ni glifosati, tulia. Inashikwa sana na udongo, na ni nadra idhuru mbegu za msimu unaofuata. Isitoshe, kuipima ni ghali: haionekani katika kipimo cha dawa nyingi kwa pamoja, ina kipimo chake na bili yake. Unaweza kulipia kile cha jumla, ukapewa karatasi safi, kumbe haikutafutwa.

Ya kuogopa ni atrazini. Mahindi huivumilia, maharagi hapana, na hukaa udongoni miezi. Bahati nzuri maharagi yenyewe ni kipimo. Chota udongo wa juu, kina cha sentimita 15, sehemu 15 hadi 20 za shamba, changanya, jaza makopo matatu. Mengine matatu yajaze udongo wa aina ileile usiopulizwa. Panda, mwagilia, ngoja wiki tatu. Yakichipuka vizuri usishangilie bado. Dhara huja baadaye, majani yakigeuka manjano kuanzia kingoni. Yakiugua ya shamba peke yake, panda mahindi au dai bei ishuke.

Maabara zipo Kampala, ile ya serikali kule Wandegeya, na Nairobi, ile ya KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya la afya ya mimea. Kwingi kipimo cha jumla huzidi dola 100 kwa sampuli. Ongeza barafu, usafiri na vibali vya kuvusha udongo mpakani. Ukiutuma kwa basi kupitia Mahagi bila barafu, vijidudu vitaila dawa njiani, nawe utalipia jibu la uongo. Kile kipimo cha bei nafuu cha rutuba hakioni dawa kabisa.

Gharama ya maabara ina maana ukiwa na kesi ya mazao yaliyoungua, au mnunuzi akidai cheti. Hapo uliza kwanza: mnaweza kuona kiasi gani cha chini? Na nusu ya sampuli ibaki kwenye friza, Bunia.