Je, Wajua? Aliye Juu ya Nguzo Asingojwe Chini

Umeme ukikatika usiku wa mvua, mtaa mzima unajua la kufanya: kupapasa kiberiti na kulaumu. Asubuhi mafundi wa laini wakija na ngazi zao, shukrani wanayopata ni kelele za watoto tu, "Umeme umerudiii!" Leo tupande nao, japo kwa maneno.

Je, wajua kwamba nguzo ya mita 10 huioni yote? Kanuni inayotumika sana ni kufukia sehemu moja ya kumi ya urefu wake, kisha kuongeza sentimita 60. Kwa hiyo mita 1.6 ziko ardhini na 8.4 ziko hewani.

Anayeanguka kutoka mita 8 anafika chini kwa sekunde moja na robo hivi, kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Ni muda wa kupiga "Mama wee!", na huenda "wee" isitoke.

Je, wajua nguzo ya mti huozea wapi? Aghalabu pale inapokutana na udongo na chini yake kidogo, ambako unyevu na hewa vinakutana. Huko juu inaweza kuonekana ngumu kama siku iliyoshushwa kwenye lori. Mbaya zaidi, nguzo iliyooza mguuni inaweza kusimama miaka kwa sababu waya zinaishikilia huku na huku. Fundi anapanda, anajifunga vizuri kama alivyofundishwa, anakata waya. Kumbe alikuwa anakata kilichomshikilia! Nguzo inaenda, naye amefungwa juu yake. Hapo mkanda haumwokoi. Ndio unaomzuia kuruka kando.

Ndiyo maana kabla ya kupanda kuna nyundo. Mwongozo wa OSHA ya Marekani (usiichanganye na OSHA yetu ya Tanzania, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi) unataja nyundo ya kilo 1.4 hivi: gonga kuanzia karibu na ardhi, zunguka nguzo, panda nayo hadi mita 1.8. Mti mzima unatoa sauti kali na nyundo inaruka mkononi. Mti uliooza ndani unanyamaza, kama umegonga gunia la unga. Ukitilia shaka, chukua bisibisi ndefu uchome karibu na ardhi. Kazi yote haimalizi dakika tano, na sijui kwa nini mtu aione kama kupoteza muda.

Je, wajua kuwa Marekani, kwa zaidi ya miaka 100 ya nguzo na nyaya, fundi aliyefuzu hakulazimika kujifunga akiwa anapanda? Alipanda huru, akajifunga akishafika. Eti ujuzi wake ndio kinga. Kanuni mpya ilitolewa Aprili 2014, na tangu Aprili 1, 2015 anatakiwa awe na kinga anapopanda na anapohama kutoka sehemu moja ya nguzo hadi nyingine, isipokuwa mwajiri aonyeshe kwamba haiwezekani au kwamba kinga yenyewe inaongeza hatari.

Kabla ya hapo mshipi wa zamani ulizunguka nguzo tu, bila kuibana. Makucha ya chuma ya kupandia yakichomoka kwenye mti, fundi aliteleza na mshipi wake hadi chini huku ameikumbatia nguzo, akafika na vibanzi vyenye dawa ya kuhifadhia mti kifuani na mapajani. Mshipi wa siku hizi una kitanzi kinachokaza: uzito ukishuka, unaibana nguzo na mtu anasimama alipo. Kadiri anavyovutwa chini ndivyo unavyong'ata.

Makucha hayo hayana kazi kwenye nguzo ya zege. Huko ni ngazi, vikanyagio au gari la kapu.

Je, wajua kwamba mkanda wa kiunoni peke yake ni hatari kwa kumdaka anayeanguka? Nguvu yote inaishia tumboni, na mtu anaweza kupinduka akachomoka. Marekani iliukataa kwa kazi hiyo tangu Januari 1, 1998. Unaruhusiwa kumtuliza fundi mahali pake tu, asiweze kushuka zaidi ya sentimita 60. Wa kudaka ni mkanda wa mwili mzima, unaopita mabegani na mapajani, na pete yake iko mgongoni.

Kamba ya mkanda huo ina shokapu yake. Ukiifungua (usiifungue!) utakuta utepe uliokunjwa na kushonwa. Mtu akianguka, nyuzi zinakatika mshono baada ya mshono, na kila mshono unakula sehemu ya kishindo. Lengo ni kishindo hicho kisizidi kilonyutoni 8, sawa na uzito wa mifuko 16 ya saruji. Hiyo ndiyo salama, fikiria isiyo salama! Na ikishafanya kazi mara moja, shokapu hiyo imekwisha.

Sasa hesabu ambayo wengi huisahau. Kamba mita 1.8, shokapu ikifunguka mita 1.1, kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo mita 1.5. Jumla 4.4. Aliyefunga kulabu mita 4 kutoka ardhini atafika chini akiwa amefungwa barabara.

Je, wajua kuwa shoti ndogo huua kwa kuangusha? Karibu miliampia 10 zinatosha kuikaza misuli ya mkono. Balbu ya wati 60 nyumbani kwako inatumia zaidi ya mara ishirini ya hizo. Hata chini ya hapo, mshtuko tu unatosha mtu kuachia ngazi.

Henry Miller alikuwa fundi wa laini na rais wa kwanza wa chama cha mafundi umeme kilichoanzishwa St. Louis, Marekani, mwaka 1891. Mwaka 1896, jijini Washington, alipigwa na umeme akiwa juu ya nguzo, akaanguka, akafa.

Je, wajua kwamba kudakwa si kuokoka? Anayening'inia kwenye mkanda bila kusogeza miguu, damu inajikusanya miguuni, na anaweza kupoteza fahamu chini ya nusu saa. Methali yetu inasema aliye juu mngoje chini; huyu ukimngoja utampokea maiti. Kwa hiyo aliye chini lazima ajue kupanda na kumshusha mwenzake. Mwezi uliopita, mtaani kwetu, nilimwona kijana juu ya nguzo, kamba ya mkanda ikining'inia nyuma kama mkia, kulabu haijashika kitu. Mwenzake alikuwa ng'ambo ya barabara ananunua mihogo.

Na je, wajua kuwa mafundi wa laini wana mashindano yao ya kimataifa? Yalianza mwaka 1984 Marekani, jimbo la Kansas. Kuna pambano la kumshusha mwanasesere "aliyeumia" kileleni kwa dakika chache. Lingine ni la yai bichi: fundi anapanda nalo kwenye ndoo, akifika juu analitia mdomoni, kisha anashuka mbio na makucha yake ya chuma. Anayefika chini ananyoosha mkono na kulitema. Yai likiwa na ufa, pointi zinakatwa.