Je, Wajua? Hamu ya udongo si ya wajawazito tu

Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwachunguza wajawazito 275 huko Kilifi: 56 kati ya kila 100 walikuwa wakila udongo, wengi wakiubandua kwenye kuta za nyumba. Walaji hao walipungukiwa zaidi na madini ya chuma.

Mama wa miaka 47 akitafuna udongo au mchele mbichi, majirani humtania kwamba ana mimba. Huenda ni hedhi. Inapokaribia kukoma, baadhi ya wanawake hutokwa na damu nyingi ajabu, chuma kikapungua mwilini na hamu ikazuka. Kipimo cha damu hubaini upungufu huo. Akipewa vidonge vya chuma, asivimeze kwa chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Maji ya ndimu yafaa zaidi.