Sikio la Mbuzi Si Mpini: Kumzoesha Mwana-Mbuzi Mwoga Kuangaliwa Masikio Nyumbani



Vikundi vingi vya kujisaidia huku Kwale vinafuga mbuzi wa kupitishana. Mwanachama hupewa jike, na mwana wa kwanza wa kike huenda kwa mwenzake, mpaka kila nyumba ipate. Ni mpango mzuri. Lakini mbuzi mmoja akifa, hasara si ya mwenye boma peke yake. Na yule jirani aliyekuwa akingoja zamu yake amepoteza.

Katika toleo hili tutazungumzia jambo dogo ambalo wengi wetu twalipuuza, nalo ni masikio ya mbuzi. Tutaeleza jinsi ya kumzoesha mwana-mbuzi mwoga akubali kushikwa na kusafishwa masikio bila vita. Tunawafikiria hasa wenzetu wa Mkwiro, kule mwisho wa mashariki wa kisiwa cha Wasini. Kwao, kutafuta dawa au afisa wa mifugo ni kupanda mashua hadi Shimoni, na pengine kuendelea mpaka Msambweni au Ukunda. Anayekaa mbali na daktari anahitaji zaidi kuona ugonjwa mapema, na mbuzi asiyeshikika haonekani ugonjwa wake.

Kwa nini masikio?

Kuna kupe wa rangi ya kahawia ambaye hupenda kujificha ndani ya sikio. Katika maisha yake hupanda mnyama mara tatu: akiwa mchanga, akiwa wa kati, na akiwa mkubwa. Kila mara hunyonya damu kwa siku kadhaa kisha hudondoka. Jike akishiba huanguka na kutaga mayai kwa maelfu. Kwa hivyo kupe uliyemwacha leo amewatengenezea mifugo wako taabu ya msimu ujao.

Kupe huyu ndiye aletaye ndigana kali kwa ng'ombe. Wazungu waliuita ugonjwa huo homa ya Pwani ya Mashariki, kwa sababu uliingia kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1900 na ng'ombe waliotoka pwani ya Afrika Mashariki. Mbuzi hafi kwa ndigana, lakini akichunga pamoja na ndama humletea kupe.

Mbuzi naye ana ugonjwa wake kutoka kwa kupe huyo huyo. Unaitwa ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, ingawa huua na mbuzi pia. Dalili zake ni homa kali, kuharisha hata kwa damu, kutokwa na makamasi, na majike wenye mimba kutupa. Hatari ni kubwa zaidi kwa mbuzi wageni, wale walionunuliwa sehemu zisizo na kupe hawa na kuletwa penye kupe. Vikundi vinavyonunua mbuzi wa kuanzia mradi kutoka mbali, hapo mkae macho.

Tena kuna utitiri wa masikio, wadudu wadogo ambao ni shida kuwaona kwa macho. Mbuzi mwenye utitiri hutikisa kichwa, hujikuna kwa kwato ya nyuma, na ndani ya sikio huota magamba kama uji uliokauka.

Mbona mbuzi huogopa?

Tujiulize wenyewe: tukitaka kumkamata mbuzi, twamshika wapi? Wengi wetu twamvuta sikio. Twamvuta kumfunga, twamvuta kumtoa shambani, twamvuta kumpeleka mnadani. Halafu siku ya kutaka kumwangalia sikio twashangaa akirusha mateke! Mbuzi ameshajifunza kwamba mkono ukigusa sikio, yafuatayo ni maumivu.

Sheria ya kwanza basi ni hii, na iwe ya boma zima, watoto pia: sikio si mpini. Mbuzi ashikwe kwa mkono mmoja chini ya kidevu na mwingine nyuma ya mapaja, ama kwa ukosi wa kamba laini.

Hatua za kumzoesha

Anza mapema, katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, mwana akiwa mzima na masikio hayamuumi. Kungoja hadi awe mgonjwa ni kuchelewa. Kazi yenyewe ni dakika mbili tatu, asubuhi na jioni. Mfanyaji awe mtu mmoja kwa siku za mwanzo, ikiwezekana yule anayewalisha.

1. Keti chini. Usimkimbize. Mtu aliyesimama ni mrefu na anatisha. Mwache mwana-mbuzi akujie mwenyewe akunuse. Siku ya kwanza hiyo yatosha.

2. Gusa pasipo na shida. Mkune begani na kifuani. Sehemu hizo mbuzi wengi huzipenda. Ukiona ametulia na anacheua, umefika.

3. Sogea kidogo kidogo. Toka begani uende shingoni, kisha nyuma ya shina la sikio. Gusa, hesabu mpaka tatu, ondoa mkono. Kesho hesabu mpaka tano.

4. Mlipe palepale. Mwana anayenyonya, malipo yake ni kurudishwa kwa mama anyonye. Aliyeanza kula, mpe jani la mlusina, ganda la ndizi, ama pumba ya mahindi kiganjani. Kidogo tu, maana pumba nyingi humvimbisha tumbo.

5. Lishike sikio lote. Lilaze kiganjani, ligeuze uone ndani, liachilie. Akizoea, pitisha kitambaa safi kilicholoanishwa kwa maji ya uvuguvugu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi huharibu. Mwachilie wakati ametulia, si wakati anapigana. Ukimwachilia akiruka, umemfundisha kwamba kuruka kunasaidia, na kesho ataruka zaidi. Akianza kufurukuta, usimminye wala usimpigie kelele. Tuliza mkono papo hapo, ngoja apumue, ndipo uachilie. Kesho rudi hatua moja nyuma. Wengine huzoea kwa siku chache, wengine kwa wiki tatu. Yule aliyekwisha kuumizwa huchukua muda mrefu zaidi, lakini hata yeye hubadilika.

Kumsafisha

Angalia masikio mara mbili kwa wiki, na msimu wa mvua kila siku ukiweza. Kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa na kupozwa chatosha. Pangusa zile sehemu unazoziona kwa macho peke yake. Usiingize kijiti, unyoya wala kidole ndani ya tundu.

Ukiona kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole moja kwa moja. Usimchome kwa kiberiti na usimpasue kwa kucha. Mtumbukize katika kopo la mafuta ya taa, kisha unawe mikono kwa sabuni. Kupe wakiwa wengi, pakaa dawa ya kupe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Oili chafu ya mashine na dizeli si dawa. Huunguza ngozi.

Magamba makavu usiyabandue. Yalainishe kwa mafuta kidogo ya nazi, uyapanguse kesho yake. Ila utitiri hauishi kwa kupangusa. Wahitaji dawa ya afisa wa mifugo, naye umwulize maziwa na nyama vikae siku ngapi bila kuliwa.

Usitie kitu chochote sikioni, na umwite afisa upesi, ukiona usaha, harufu mbaya, kichwa kimeinama upande mmoja, ama mbuzi anapepesuka.

Na mtoto wa mbwa je?

Huku bara, wenye mashamba hufuga mbwa wa kufukuza nyani na nguruwe. Hatua ni zizo hizo, na wakati bora ni akiwa na umri wa wiki 3 hadi 12 au zaidi kidogo. Lakini kwa mbwa kuna jambo la kufa na kupona, nalo ni kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa anayeogopa mkono huuma. Achanjwe afikapo miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitali siku ile ile. Dalili za kichaa zikishatokea kwa mtu, hakuna tiba.

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mbuzi hushikwa wapi anapokamatwa? Nani atawafundisha watoto njia nyingine?

2. Mbuzi wa mradi wetu walitoka wapi? Je, huko kuna kupe kama wa kwetu?

3. Je, tunaweza kuweka kibano kimoja, chupa moja ya dawa na daftari la kuandika tarehe, vitumiwe na wote kwa zamu?

4. Kabla mwana-mbuzi hajapitishwa kwa mwanachama mwingine, je, tukubaliane kwamba lazima awe amezoea kushikwa masikio? Anayempokea atakuwa amepata mbuzi anayetibika.