Taharuki Si Pambo la Insha

Katika shule zetu, neno taharuki limegeuzwa kuwa jibu la mtihani. Mwanafunzi hufundishwa kwamba taharuki ni hamu ya msomaji ya kutaka kujua yatakayotokea, akaikariri fasili hiyo, akapewa alama zake. Lakini mara nyingi mwanafunzi huyo huwa hajapata kuionja taharuki yenyewe, kwani kabla ya kuifungua riwaya amekwisha kusomeshwa mwongozo unaomweleza nani alitenda nini na mambo yaliishaje. Tunamtaka asifu utamu wa chakula alichotafuniwa na mwingine.

Wapo wanaodhani kuwa hadithi za upelelezi ni za kupitishia wakati tu. Wahakiki nao wameziweka katika fungu la fasihi pendwa, kana kwamba kupendwa ni dosari. Historia ya riwaya ya Kiswahili yasema vingine. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957/58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Shujaa wake, Bwana Msa mwenye kiko, ni jamaa wa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Hata hivyo, mwandishi hakuiga tu. Aliichukua hofu ya watu kuhusu mizimu, akaiacha imsukume msomaji, kisha akamrudisha polepole kwenye ushahidi na kufikiri. Waliomfuata, kama vile Elvis Musiba aliyetupa Willy Gamba na Ben Mtobwa aliyetupa Joram Kiango, waliwafanya vijana wengi wasome Kiswahili bila kushurutishwa na mwalimu.

Swali kwa mwanaisimu ni hili: taharuki hujengwa kwa nini? Haijengwi kwa damu wala bunduki, bali kwa mpango wa kutoa na kuzuia habari. Na hapa Kiswahili kina utajiri ambao walimu hatuutumii vya kutosha. Tazama sentensi hii: “Alisimama mlangoni, akatazama huku na huku, akaondoka.” Je, ni mwanamume au mwanamke? Kiambishi *a-* hakisemi. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kuchagua au kukwepa. Wa Kiswahili anaweza kumficha mshukiwa kurasa nyingi bila hila yoyote. Kadhalika, “mlango umevunjwa” ina mtendaji asiyetajwa, ilhali “mlango umevunjika” yaweza kuwa kazi ya upepo. Mpelelezi hodari husikiliza ni kauli ipi shahidi ameitumia: ya kutendwa au ya kutendeka. Aidha, anayeanza kwa “Alipofunua shuka…” amekwisha kumfunga msikilizaji; sikio haliwezi kutulia mpaka kitenzi kikuu kije.

Sarufi ikifundishwa hivi, si adhabu tena. Inakuwa zana ya kazi.

Wala mwanafunzi hahitaji kwenda mbali kutafuta kisa. Chukua kijana wa mtaa wa Kisumu Ndogo, Malindi. Jina la mtaa wake lenyewe ni swali: Kisumu ya Ziwa Victoria ilifikaje kwenye mwambao wa Bahari Hindi? Amwulize mzee mmoja, kisha wa pili, alinganishe majibu. Atakuwa ameanza upelelezi. Safari fupi ya matatu itamfikisha Gede, kwenye magofu ya mji wa mawe ambao James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948. Misikiti ipo, visima vipo, jumba la mtawala lipo. Watu waliuhama mji kufikia karne ya 17. Wataalamu wametaja kupungua kwa maji visimani, wametaja pia mashambulizi. Mwandishi chipukizi atatulia kwenye kisima kimoja na swali moja: siku ya mwisho, ni nani aliyeteka maji hapa, naye aliogopa nini?

Linganisha hayo na insha tunazosahihisha kila muhula. Zinaanza kwa jogoo kuwika, zinajaa methali za kukariri, na kufikia aya ya pili msomaji anajua mwisho. Watoto hawa hawakukosa vipaji. Wamezoezwa kusema yote mapema ili wasipoteze alama.

Basi walimu wenzangu, tuufungie mwongozo kabatini mpaka darasa limalize riwaya. Tusome sura moja kwa sauti, tusimame mahali pa hatari, tuwaulize wanafunzi wanamshuku nani na kwa ushahidi gani. Anayebashiri asiadhibiwe kwa kukosea, kwani kubashiri ndiko kusoma. Bibi zetu waliotutegea vitendawili walilijua hilo: hawakutoa jibu mpaka wapewe mji. Sisi tunaigawa miji yote bure, kisha tunashangaa kwa nini watoto hawataki kusafiri.